Nyuki wa Mjomba Faraj

Al-Marj, 10 Februari 2019

Dada Najat,

Salamu kutoka kwenye baridi. Mama hajambo, ila magoti. Rabha naye hajambo, "ila huyu mume," ndivyo anavyojibu akiulizwa.

Nakuandikia kwa mkono kama alivyotuzoesha marehemu baba, na pia kwa sababu simu siku hizi ina masikio mengi. Bashir anapita kesho na lori lake kwenda Misrata. Huko hakosi mtu wa kupanda Gharyan akuletee.

Nimechoka, dada. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Wiki hii nilikuwa na darasa la saba, somo lile lile unalofundisha wewe: Nchi Yetu. Bahari kaskazini, jangwa kusini, majirani sita, mto wa kudumu hakuna hata mmoja, na watu karibu wote tumejibana pwani kama njiwa kwenye ukingo wa paa. Hapo wanafunzi hawakuwa na neno. Ikaja sura ya serikali. Binti mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwenye mtihani niandike waziri mkuu yupi? Wa huku au wa Tripoli?"

Mwenzake akadakia kutoka nyuma: "Andika wote wawili, upewe maksi mbili!"

Darasa zima likacheka. Mimi nikatazama mlangoni kuona nani anapita. Nikawaambia sura hiyo haitatoka kwenye mtihani, tufungue ukurasa wa mazao.

Miftah yupo tu. Masomo chuoni kwake yamesimama tena. Analala mpaka adhuhuri, akiamka anagombana na mama yake. Juzi kaniambia, "Baba, wewe umesoma. Haya, umekuwa nani?" Wewe ulimlea ile miaka Rabha alipougua, pengine wewe angekusikia.

Hiyo sura ya serikali, mwenzangu unaifundishaje?

Mdogo wako,
Wanis


Gharyan, 3 Machi 2019

Mdogo wangu Wanis,

Barua yako imefika ikinuka dizeli. Mwambie Rabha nimecheka peke yangu jikoni.

Mimi nawaambia hivi: serikali ni yule anayekuletea maji, taa na amani. Kisha mtoto mmoja akauliza, "Basi ni mzee Shaaban mwenye jenereta?" Nikasema ndiyo, kwa sasa ni mzee Shaaban. Mkuu wa shule aliniita akanionya, akiwa anacheka.

Huku mvua zimeharibu udongo wa mitungi wa Milad wangu. Anazunguka na uso wa mtu aliyefiwa na punda. Lakini nyumba ina furaha: Khalifa, mdogo wake, amechumbia. Harusi baada ya Idi, Mungu akipenda. Mama mkwe, pamoja na macho yake yaliyoingia ukungu, ameshaanza kupapasa vitambaa na kuuliza rangi. Khalifa bado anauza mitungi kando ya barabara kuu na bado anawatania wateja: "Huu hauvuji, bibi, labda umwage mwenyewe."

Mlete Miftah. Khalifa anamuulizia sana. Anasema yeye ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, na ndiye anayejua nani aligonga ukuta wa tanuri. Mlete apate hewa. Hapa kuna kazi ya mikono, na mikono ikichoka kichwa kinatulia.

Dada yako,
Najat


Al-Marj, 20 Aprili 2019

Dada,

Mko salama? Nimepiga simu mpaka kidole kimekufa ganzi.

Tangu askari wa huku wapande kuja huko kwenu, mtaani ni honi na nyimbo. Mchinjaji wetu aligawa nyama. Mimi nilifunga dirisha. Najua barua inaweza kufunguliwa njiani, kwa hiyo naandika ya nyumbani tu. Mama anawasalimu. Mlozi umeshika matunda. Miftah amekwenda juu Mlima wa Kijani kwa mjomba wake Faraj, anamsaidia na nyuki. Huko simu haishiki, usihangaike kumpigia.

Nijulishe hata kwa mstari mmoja.

Wanis


Gharyan, 14 Mei 2019, Ramadhani

Mdogo wangu,

Tupo. Ndilo neno lenyewe, tupo.

Khalifa amekufa. Ilikuwa siku ile ya kwanza walipoingia. Alikuwa barabarani na mitungi yake. Wengine walikimbia, yeye akabaki kuifunika turubai. Magari yalikuja yakifyatua risasi, hakuna aliyekuwa akimlenga yeye wala mwingine, walikuwa wanafyatua tu kama watu wa harusini. Milad alimkuta amekaa, mgongo kwenye mtungi mkubwa, nao haukuvunjika. Tulimzika kabla ya alasiri. Mama mkwe alimpapasa uso akasema, "Mbona amenyoa?" Alinyoa kwa ajili ya picha za harusi.

Kuna vijana wa huko kwetu wamesimama kwenye kona zote za mji. Wanis, nikisikia wanavyosema, moyo unataka kwenda kuwauliza ni watoto wa nani. Mmoja aliniomba maji wakati wa kufuturu. Nikampa. Milad aliniona, akatoka mezani, hakurudi mpaka futari imepoa. Tangu siku hiyo ananiita "mwalimu," haniiti jina.

Shule nimeacha kufundisha sura ile. Nafundisha mipaka tu, mipaka haijahama.

Mbona simu yenu haijapita hata moja? Najua mtandao ni mbovu, lakini watu wengine wa huko wamepata njia. Mama umwambie polepole.

Najat


Al-Marj, 9 Juni 2019

Dada Najat,

Idi njema, ingawa imepita na haikuwa idi.

Habari ya Khalifa imefika. Mungu amrehemu.

Huku joto limeanza. Umeme masaa machache. Miftah hajambo kabisa, yuko kwa Faraj, wanavuna asali ya msimu. Nyuki wa mwaka huu ni wakali, Faraj anasema ni kwa sababu ya upepo wa jangwani. Miftah amevimba jicho moja lakini anacheka. Amenenepa. Mama amemfumia soksi, nitazipeleka nikipata gari.

Wale vijana unaosema wamesimama kwenye kona, wanakula? Wanalala wapi? Nauliza tu. Kuna watoto wa majirani zangu waliokwenda, mama zao wananiuliza kwa kuwa wanajua nina dada huko. Kama umeona yeyote kutoka Al-Marj, niambie yukoje.

Wanis


Gharyan, 12 Julai 2019

Wanis,

Barua hii haiji kwa Bashir. Anaibeba Hajja Mas'uda anayekwenda Tunis kutibiwa kisha Benghazi kwa binti yake, na ameishonea ndani ya nguo. Kwa hiyo nasema wazi.

Acha nyuki. Miftah yuko kwangu.

Mwisho wa mwezi uliopita watu wa Tripoli waliurudisha mji. Wenzake wa jeshini walipanda magari wakaondoka, yeye alikuwa ametumwa kisimani, akarudi akakuta vumbi. Alikuja mchana, jua limesimama, amevaa kanzu aliyoiiba kwenye kamba ya mtu, miguu mitupu. Hakubisha mlango wa mbele, alipita nyuma kwenye tanuri kama alivyozoea utotoni. Nilikuwa jikoni. Nikamsikia Milad:

"Nani wewe?"

"Mimi."

"Mimi ndiye nani?"

"Miftah. Miftah wa Wanis."

Wanis, nilishika ukingo wa sinki. Nje kulikuwa na honi, safari hii za upande wa pili, na vijana wa mtaa wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amebaki. Nikangoja Milad aite. Angeita mara moja tu, wangekuwa hapo. Kisha akasema, "Ingia ndani. Usinijazie watu mlangoni."

Akamshusha mwenyewe kwenye ile nyumba ya zamani ya kuchimbwa chini ya ardhi, ya babu yake, tunakoweka mafuta ya zeituni. Vijana walipofika akawajibu kizingitini: "Mimi nimezika ndugu yangu, mnatafuta nini kwangu?" Wakamwomba radhi wakapita.

Siku ya pili alishuka tena, nami nikamfuata nikiogopa. Akamuuliza, "Siku ile mnaingia, ulikuwa wapi?"

Mwanao angeweza kudanganya. Nilimkonyeza adanganye. Akasema, "Nilikuwa kwenye magari ya mbele."

"Ulifyatua?"

"Nilifyatua. Wote tulifyatua. Juu, pembeni, sijui zilikwenda wapi."

"Ulijua ndipo anapouzia Khalifa?"

"Nilimwambia dereva kuna watu wangu hapa, apunguze mwendo. Hakunisikia. Nami sikurudia."

Milad akapanda ngazi. Hakula siku hiyo wala iliyofuata. Nilidhani anaamua kama amtoe. Pengine alikuwa anaamua. Siku moja nikasikia kishindo huko chini, nikakimbia, nikakuta amemwangushia bonge la udongo mezani. "Kanda," alimwambia. "Mtu hali bure hapa." Tangu hapo anampelekea udongo kila asubuhi na kuchukua mitungi jioni. Hawasemezani. Hawali sinia moja. Mitungi ya Miftah midomo yote imepinda.

Barua yako ya nyuki ilifika akiwa tayari yuko chini. Nilimsomea. Nilipofika pale pa jicho lililovimba akacheka, kisha akageukia ukuta. Akasema, "Baba ananifanya niwe mnene." Nikaikunja barua.

Hawezi kukaa hapa. Msako umepungua, haujaisha, na hawezi kufungua mdomo mbele ya mtu, lafudhi yenu inamuuza. Na hata mama mkwe yumo humu humu ndani, kila alfajiri anamlilia Khalifa. Niambie la kufanya. Anaweza kurudi huko?

Najat


Al-Marj, 2 Agosti 2019

Dada yangu,

Nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa chini kwenye korido ya shule kama mlevi. Wanafunzi walidhani nimepatwa na shinikizo la damu, wakaniletea maji.

Alijiandikisha jeshini mwezi Machi bila kuniambia. Niliona begi. Nilimwambia, "Huko unakokwenda ni kwa shangazi yako." Akaniambia, "Hatutafika huko, baba, wanasema mji utajisalimisha wenyewe." Ulipoandika habari ya Khalifa nilikunja barua nikaiweka chini ya godoro, kwa sababu tayari nilijua ameingia Gharyan na magari yale. Pole ningeiandika kwa mkono gani? Hata nyuki sikuwazua kwa ajili yako peke yako. Mama naye nimemlisha asali hiyo hiyo.

Asirudi. Watu wawili wa jeshi walikuja nyumbani, wana adabu, wakanywa chai ya Rabha. Wanasema Miftah ama ametekwa ama ametoroka, na kwamba wangependa sana iwe ametekwa. Kwa hiyo huko ni adui na huku ni msaliti, na kitabu changu cha darasa la saba bado kinasema nchi ni moja.

Mtoe upande wa Tunisia. Rabha ana binamu Medenine, anakamua zeituni. Mwambie Milad… Sijui umwambie nini. Nimeandika sentensi hii nikafuta, nikaandika nikafuta.

Wanis


Medenine, 15 Septemba 2019

Baba,

Nimefika. Niko kwa binamu wa mama, nalala kwenye chumba cha magunia, nakula vizuri. Mwambie mama nimepungua lakini si sana.

Shangazi alitaka anifiche chini ya mitungi kwenye lori. Milad akasema mtu akikutwa chini ya mitungi anapigwa risasi, mtu akikutwa kwenye kiti anaulizwa swali. Akanikalisha mbele, karibu naye. Akasema, "Wewe ni bubu. Kibarua wangu, bubu wa kuzaliwa. Ukikohoa, kohoa kibubu." Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia tangu Juni.

Tulipita juu ya mlima, Yefren, Zintan, Nalut. Vizuizi vingi. Kila mahali Milad anasema, "Bubu," wanacheka, tunapita. Kimoja tu kilitusumbua, cha mwisho kabla ya kuteremka Wazin. Mlinzi alikuwa mtu mzima, ndevu za mvi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akatutazama sana. Akasema tuteremke. Akazunguka lori, akagonga mitungi kwa kidole, akarudi. Alikuwa na birika la chai kwenye makaa. Akammiminia Milad, akanimiminia na mimi. Baba, tangu asubuhi sikuwa nimekunywa kitu. Nikapokea nikasema, "Mungu akuzidishie."

Kwa lafudhi ya Al-Marj, iliyonyooka kama mshale.

Nilimwona Milad akifumba macho. Mlinzi alibaki ameshika birika, chai inamwagika chini. Bunduki yake ilikuwa begani. Nikamsubiri aishushe. Nikawaza sana habari za Khalifa, jinsi alivyonifundisha kuachia klachi taratibu.

Mlinzi akauliza, "Huyu ni nani wako?"

Milad hakusema kibarua. Alisema, "Ni mtoto wa kaka wa mke wangu. Amekuja na magari. Ndugu yangu mdogo alikufa siku hiyo hiyo. Namvusha."

"Unamvusha wewe?"

"Nani mwingine atamvusha?"

Mlinzi akaweka birika chini. Akajipangusa uso kwa kilemba, polepole, kama mtu anayetaka kulala humo. Akasema, "Mzee, mwambie bubu wako afunge mdomo mpaka aone bendera ya Watunisia. Huko mbele kuna vijana, na vijana hawajachoka bado." Akainua kamba.

Tukafika mpakani. Aliponiteremsha nilitaka kumbusu kichwa, akanizuia kwa kiganja kifuani, si kwa nguvu. Akanipa mkate na zeituni alizofunga shangazi. Akageuza lori. Nilimwona anasimama mbele kidogo, nikadhani ananiita. Alikuwa anakaza kamba za mitungi.

Baba, usinitafutie njia ya kurudi. Sijui nitatulia lini wala wapi. Kwa sasa nabeba magunia na nikilala nalala.

Miftah


Gharyan, 6 Oktoba 2019

Shemeji Wanis,

Sijaandika barua tangu jeshini, na hata ile niliandikiwa. Najat amekataa kuniandikia hii. Vumilia mwandiko.

Umeniletea shukrani mara mbili kupitia kwake. Acha. Pole yako ya Khalifa pia imefika, nimeipokea, Mungu akulipe.

Umeuliza kama nimemsamehe mwanao. Yeye hajui risasi yake ilikwenda wapi, nami sijui. Nisamehe kitu gani? Kama si yeye, sina la kumsamehe. Kama ni yeye, sijafika huko, na sikuahidi mtu kwamba nitafika. Nilimvusha kwa sababu nilikuwa nimezika mara moja mwaka huu na sikuwa na nguvu za kuchimba tena. Hilo tu. Msilifanye kubwa kwa kulisimulia.

Lakini kuna jambo Najat halijui, nalo limenikaa kifuani, nimeona nikuandikie wewe kwa kuwa uko mbali. Mama yangu aligundua kwamba kuna mtu kule chini. Macho yake hayaoni lakini masikio ni ya paka. Nikamwambia ni kibarua, bubu. Basi kila asubuhi, mimi nikiwa tanurini, alikuwa anashuka zile ngazi kwa makalio, ngazi moja moja, na mkate wa moto kwenye upindo wa nguo. Niliwakuta siku moja. Amekaa naye, anamshika mkono anaupapasa, anamwambia, "Kula mwanangu, una mama wewe?" Na Miftah hawezi kujibu. Machozi yanamtiririka, hatoi sauti, na mama haoni. Nilirudi juu kabla hawajanisikia.

Barabara ya pwani ikifunguka, njoo. Usije na kitu mkononi. Tutakwenda kwa Khalifa, tutasoma Fatiha, tutarudi kula. Kwa mama useme umekuja kumwona dada yako, usiongeze neno.

Juzi aliniuliza, "Yule bubu yuko wapi? Nimemwekea mkate." Nikamwambia amekwenda kwao. Akaukunja ule mkate kwenye kitambaa. Akasema, "Vijana wa siku hizi wanaondoka bila kuaga." Kisha akaniomba nimsaidie kushuka ngazi akakae kule chini kidogo. Nikamshika mkono, tukashuka.

Milad